Mji wa Maji wa Daraja Mbili

Picha ilikuwa moja, na walioishika walikuwa wawili.

Upande mmoja alikuwa Ochoki, fundi wa kuchora mabango, jinzi yake imejaa rangi ya kila duka alilowahi kuliandika jina mjini Kisii. Upande wa pili alikuwa msichana mwenye gauni la manjano lililomkaa vizuri kiunoni, nywele amezisuka nyembamba na kuzifunga nyuma kwa kitambaa cheupe, na miguuni raba safi ambazo bado hazikuwa zimeyajua matope ya soko la Daraja Mbili. Kati yao, juu ya rundo la mapazia ya mitumba, ilikuwa fremu kubwa yenye kioo kilichopasuka pembeni, na ndani yake mji wa ajabu. Majumba marefu ya rangi ya udongo yalisimama ndani ya maji hadi milangoni. Barabara yenyewe ilikuwa mfereji mpana, nao umejaa mashua: nyingine zimebeba mapipa, nyingine wanawake wenye miavuli, nyingine nyembamba nyeusi zenye mtu mmoja aliyesimama nyuma na kasia lake. Zilikuwa zimesongamana kama wauza ndizi waliokuwa wakigombea nafasi pale nyuma yao.

"Dada, mimi ndiye niliiona kwanza," Ochoki alisema.

"Uliiona. Mimi nikaishika."

"Unajua hata ni mji gani?"

"Wewe unajua?"

"Sijui. Lakini nina kazi nayo. Kuna hoteli inafunguliwa hapo juu, ukuta wake wote unaangalia soko, na mwenyewe anataka picha ambayo Kisii nzima hakuna mwingine anayo. Nimezunguka tangu asubuhi."

"Na mimi chumba changu kina ufa ukutani, hadi namsikia jirani akipiga mswaki. Nataka kitu cha kuufunika."

Ochoki akacheka. "Ufa haufunikwi, dada. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Basi lete hiyo methali yako pamoja na saruji."

"Naleta leo jioni. Nizibe, nipake na rangi, halafu uniachie picha mpaka nimalize ukuta."

"Na ukipotea nayo?"

Ochoki alitoa kitambulisho chake na kukiweka kwenye kiganja cha msichana. Yule msichana alisoma jina, akasoma mahali pa kuzaliwa, Kenyenya, kisha akaitazama picha ya kitambulisho kwa muda ambao haukuwa wa lazima.

"Hapa unaonekana kama mtu aliyekamatwa."

"Ni kwa sababu hukuwepo."

Mwenye mapazia, mama aliyekuwa amechoka na jua, aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi mnanunua ama mnaoana? Kuna watu nyuma wanataka kupita."

Wakanunua.

Ufa ulizibwa jioni ile ile. Kesho yake saruji ilikuwa imekauka. Lakini fundi alirudi kuikagua mara nne, na mara ya nne alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Kuna kuta huchelewa kukauka," alieleza.

"Nimeona," alisema msichana, akimrudishia kitambulisho. "Hasa kuta za wasichana wanaoishi peke yao."

Jina lake lilikuwa Beverlyne. Alifanya kazi katika maabara ya kliniki moja ya kibinafsi mjini, kazi ya kuwatoboa watu vidole na kuwapa pole. Kwao ni Gesima, kwenye vilima vya chai, na babake ni mzee wa kanisa la Waadventista. Jua la Ijumaa likianza kuzama, nyumbani kwao redio huzimwa, na simu zote huwekwa kwenye droo hadi jua la Jumamosi litue. Beverlyne alifuata vivyo hivyo hata akiwa mjini. Ochoki aliijua sheria hiyo na kuiheshimu, ila kila Ijumaa jioni alikuwa mgonjwa kidogo.

Ukuta nao ulianza kuota mji. Manasseh, mwenye hoteli, alikuwa akileta rangi kidogo kidogo, kwa hivyo kazi ya wiki tatu ilienda miezi mitatu, na hakuna fundi aliyewahi kufurahia kucheleweshewa rangi kama huyu. Kila alasiri Beverlyne alipotoka kazini alipitia pale, akasimama na mkoba wake begani, akakosoa.

"Huyu wa kasia anasonga ugali."

"Ndiyo maana mashua yake haizami. Ameshiba."

"Wewe umewahi kupanda mashua?"

"Mimi? Mtu wa Kenyenya? Maji yangu ni ya kisima."

"Basi unachora uongo, mpenzi."

Lile neno la mwisho lilimtoka bila kuombwa ruhusa. Wote wawili walilisikia. Ochoki alishuka ngazini polepole, akafuta mikono kwa kitambaa, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyejifanya tena kwamba wanazungumza habari za ukuta.

Mwezi wa tatu ulipofika, Beverlyne alichukua likizo ya wiki mbili akaenda Gesima kusema nyumbani. Jumanne alipiga simu.

"Mpenzi, umekaa?"

"Niko juu ya ngazi."

"Shuka."

Akashuka.

"Nimemwambia baba."

"Akasema?"

"Hakusema. Alimaliza chai yake, akaenda kuangalia ng'ombe, akarudi, akauliza wewe ni wa ukoo gani. Nikamwambia. Akasema basi, esigani ataenda."

Ochoki alikaa juu ya debe la rangi. Esigani ni mtu anayetumwa na wazazi wa msichana kumchunguza kijana kabla neno la ndoa halijatamkwa: kama kwao kuna wizi, kama kuna uchawi, kama kijana ameficha mke mahali. Wasichana wengi wa siku hizi hawana habari naye. Baba yake Beverlyne alikuwa na habari naye.

"Ni nani?" Ochoki aliuliza.

"Siambiwi, na wewe hutaambiwa. Atakuja tu kama mtu yeyote, aone, aulize, aende zake."

"Sasa nitamjua aje?"

"Huwezi. Kaa tu vile unakaaga."

"Bev, hiyo ndiyo shida. Mimi nakaaga vibaya."

Beverlyne alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. "Ochoki, nisikize. Neno la esigani baba haliulizi mara mbili. Likiwa hapana, ni hapana. Na mimi siwezi kuolewa kwa kumruka babangu. Nakupenda, lakini hilo siwezi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi tafadhali, usiharibu."

Sasa kuna jambo Beverlyne hakulijua. Tangu aondoke, Ochoki alikuwa amechora mashua moja zaidi, chini kabisa pembeni, mahali ambapo mtu mwenye kimo cha kawaida angeiona bila kuinua shingo. Ndani yake alimweka mwanamke mwenye gauni la manjano, mtoto mchanga mapajani. Uso ulikuwa mdogo, upana wa kiganja, na alikuwa ameufanyia kazi siku tatu nzima, akifuta na kurudia, hadi ule mdomo wa kutaka kucheka ukatoka jinsi ulivyo. Alitaka Beverlyne aukute siku ya kufungua hoteli. Hakuupiga picha uso huo, kwa sababu simu yake ya kamera ilikuwa imeanguka kutoka ngazini na sasa alitumia kabambe, simu ya vitufe isiyo na kamera.

Jumatano asubuhi alikuja mzee mmoja, koti la kijivu, kofia, fimbo, jina lake Ombati. Alisimama mbele ya ukuta saa nzima.  Ni yeye, Ochoki alijiambia. Aliagiza chai, chapati mbili na maharagwe kutoka kibanda cha jirani, akamwekea mzee kiti kivulini.

"Wewe kijana umelelewa," mzee alisema akitafuna. "Ng'ombe unayo?"

"Watatu, mzee. Wa gredi, wa maziwa mengi."

Ochoki hakuwa na hata kuku.

"Na majani chai?"

"Ekari mbili."

Kwao Kenyenya kuna migomba na mahindi, na kashamba kenyewe ni ka mamake. Lakini uongo ukishatoka wa kwanza, wa pili hupita bila kubisha. Alhamisi mzee alirudi, akapata chai tena, akauliza zaidi, na Ochoki akazidi kutajirika.

Ni katika kutajirika huko ambapo mwanamke mmoja alikuja akasimama nyuma yake. Alikuwa wa makamo, leso ya kijani mabegani, kapu mkononi. Alizungumza Kiswahili ili aonekane mgeni wa mji, ingawa lafudhi ilimsaliti neno kwa neno. Mtu mwingine angegundua. Masikio ya Ochoki yalikuwa kwa mzee tu.

"Kijana, hii watu wakitoka kwa mlango wanakanyaga wapi?"

"Kwa mashua, mama."

"Na ng'ombe yao inalala wapi?"

"Hawana, mama. Subiri kidogo, niko na mgeni."

"Na mtoto akianguka usiku?"

"Mama, tafadhali."

Yule mama hakwenda. Aliinama karibu na pembe ya chini. "Huyu mwanamke wa gauni ya manjano ni nani?"

Mzee Ombati alikuwa ameanza kusema kitu kuhusu mbolea, na Ochoki alikuwa anajaribu kukumbuka aliwaita ng'ombe wake majina gani. Alijibu bila kugeuka. "Ni mke wangu, mama. Na huyo ni mtoto wetu wa kwanza. Umetosheka?"

"Mtoto anaitwa nani?"

"Nyamoita. Jina la nyanya yangu. Sasa niachie nafasi nifanye kazi."

"Mbuya mono," alisema yule mama kwa upole, yaani vizuri sana, na akaenda zake.

Ijumaa mchana mzee Ombati alimaliza chapati, akaufuta mdomo, akaonyesha kwa fimbo. "Huyu msichana wa mashua, ni kama nimemwona mahali."

 Ochoki alimwona kichwani babake Beverlyne, mzee wa kanisa, akiambiwa kwamba binti yake amechorwa kwenye ukuta wa hoteli sokoni, na mtoto mapajani, na hata mahari haijatajwa. Alingoja mzee aondoke. Kisha akachukua brashi pana na rangi ya buluu, na kwa mipigo minne mwanamke na mtoto wakaisha. Ikabaki mashua tupu, na jirani yake yule mpiga kasia anayesonga ugali. Akashusha pumzi akijiona mwerevu.

Jioni, jua likiwa limebaki kidogo, Beverlyne alipiga.

"Nazima sasa hivi. Nilitaka tu kusikia sauti yako."

"Isikie. Bev, nadhani amekuja."

"Usiniambie. Nitaambiwa. Labda kesho jioni nikifungua simu nitakuwa na jibu."

"Utanipigia?"

"Wewe ndiye wa kwanza, mrembo wangu."

"Mimi ndiye mrembo?"

"Leo ndiyo. Sabato njema."

Jumamosi jua lilitua saa zile zile linazotua siku zote, ingawa Ochoki angeapa lilichelewa. Saa moja simu haikulia. Saa moja na nusu alipiga mwenyewe, ikaita hadi mwisho. Akapiga tena, ikaita hadi mwisho. Alijiambia labda wako mezani. Alijiambia labda simu bado iko kwenye droo. Simu iliyo kwenye droo imezimwa, na simu iliyozimwa haiiti, na yeye aliyajua hayo yote.

Jumapili asubuhi ujumbe uliingia: *Msalimie Nyamoita na mama yake.*

Aliusoma mara sita. Nyanya yake Nyamoita alikuwa marehemu wa miaka kumi. Ndipo, akiwa amesimama na mswaki mdomoni, akaikumbuka leso ya kijani.

Alipiga mara nane. Mara ya tisa ikapokelewa.

"Sema," Beverlyne alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia akamaliza.

"Bev, yule mama, ilikuwa mzaha. Alikuwa ananisumbua na maswali."

"Mama Esnah hakukusumbua. Mama Esnah ni esigani. Ulimfukuza kama kuku, lakini hata hilo alisema angekusamehe. Alikuuliza mwanamke ni nani, ukamwambia ni mke wako. Ukamtajia mtoto. Ukamtajia hadi mtoto ameitwa nani na kwa nini. Alikuja kwetu jana baada ya kanisa, akayasema mbele ya mama yangu. Unajua mama alinitazama vipi?"

"Ni wewe. Yule mwanamke ukutani ni wewe. Nilikuchora."

 Nyuma ya Beverlyne, kule Gesima, ng'ombe alilia.

"Basi nitakuja nijione," Beverlyne alisema polepole, na kwa mara ya kwanza sauti ililegea.

Ochoki alifunga macho. "Nimeifuta."

"Umefanya nini?"

"Ijumaa. Niliogopa esigani akikuona umechorwa na mtoto."

"Esigani alikuwa ameshaiona Alhamisi."

"Sikujua ni yeye. Nilidhani ni mzee."

"Mzee gani?"

"Kuna mzee mmoja. Anakunywa chai."

"Ochoki, unajisikia vile unaongea?"

Alijisikia. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Manasseh ana simu nzuri," alisema haraka, "alipiga picha za ukuta." Kisha akakumbuka picha zenyewe. Zilikuwa nne, na zote nne zilikuwa za jina la Manasseh lililoandikwa juu ya mlango.

"Kesho kutwa baba anapeleka neno kwenu Kenyenya," Beverlyne alisema. "Likifika kwa mamako, limekwisha. Hakuna mtu wa kwetu atarudi huko."

"Basi kesho. Njoo na huyo mama. Ningekuja mimi, lakini unajua siwezi."

Alijua. Mchumba anayefika nyumbani kwa msichana bila kuitwa huwa amejikataa mwenyewe.

"Sijui kama atakubali," Beverlyne alisema.

"Na wewe?"

Simu ikakatika.

Jumatatu Ochoki alifika ukutani kabla ya wauza mboga. Hakushika brashi. Alipanga madebe, akayapangua, akaosha mikono iliyokuwa safi. Kila leso ya kijani iliyopita sokoni ilimshtua, na siku hiyo ilionekana Kisii nzima imevaa kijani. Manasseh alikuja, akauangalia ukuta wake, akalalamika kwamba hoteli inafunguliwa Alhamisi na mashua yake moja haina abiria. Ochoki aliendelea kuitazama barabara.

Walikuja saa tano. Beverlyne alivaa sketi ya buluu iliyokoza na blauzi nyeupe iliyofungwa hadi shingoni, kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Macho yalikuwa yamevimba. Ochoki alinyoosha mkono, naye akauhamisha mkoba kutoka bega hili hadi lile. Mama Esnah alikuwa na kapu lake. Alikwenda moja kwa moja hadi pembe ya chini, akainama, akaigusa mashua tupu kwa kidole.

"Alikuwa hapa," alisema.

"Alikuwa hapo, mama."

"Mtu anaficha nini? Anaficha kile ako nacho."

Kabla Ochoki hajajibu, fimbo iligonga lami nyuma yao. "Kijana wa ng'ombe tatu," mzee Ombati alisema kwa furaha, "leo chai imechelewa?"

Mama Esnah alimgeukia. "Mzee, wewe ni nani kwake?"

"Mimi? Mimi nangojaga mama watoto, anauza viatu pale ndani. Hapa kuna kivuli, na huyu kijana ni mkarimu sana. Tajiri, lakini hana maringo. Ekari mbili ya majani chai."

Beverlyne alimtazama Ochoki. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha Ochoki kuliko hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu mambo mengine yote aliyowahi kuambiwa.

"Ng'ombe watatu?" aliuliza.

"Sina hata mmoja," Ochoki alisema. "Mzee, nisamehe. Sina ng'ombe, sina chai. Nilidhani wewe ni esigani."

"Na mimi nilikuwa nimemwambia mama watoto habari za hao ng'ombe," mzee Ombati alisema, ameumia kweli.

Mama Esnah aliweka kapu chini. Sasa alizungumza Ekegusii, lugha ya nyumbani, taratibu, kama anayezungumza na mtoto wa jirani. "Kwa huyu mzee uliongopa ili akupende. Kwangu uliongopa ili niende zangu. Sasa, kijana, ukweli wako huwa unauweka wapi?"

Watu walianza kusimama. Muuza parachichi aliacha wateja wake. Ochoki aliwapa watu mgongo, akamkabili Mama Esnah.

"Kwako sikuongopa, mama. Nilisema kile ninachokitaka kana kwamba ninacho tayari. Mke ni huyu. Mtoto hayuko. Tangu Jumanne sijalala vizuri, sijala vizuri. Naogopa kumkosa. Nimeogopa mpaka nimefanya mambo ya kijinga, na sasa nimemkosa kwa sababu ya hayo mambo."

Beverlyne aliangalia chini. Raba zake zilikuwa na matope.

"Chukua brashi," Mama Esnah alisema.

"Mama?"

"Kama ni huyu mtoto wetu uliyemchora, mikono yako inamjua. Mrudishe. Wewe Beverlyne, simama hapa nyuma yangu. Na wewe, usigeuke kumtazama."

Ochoki alichukua brashi ndogo. Kazi iliyomchukua siku tatu akiwa peke yake, sasa aliifanya mbele ya nusu ya soko, na mkono ulitetemeka hadi rangi ikamdondokea viatuni. Gauni lilitoka. Mabega yakatoka. Alipofika usoni, akili ilikuwa nyeupe kama sahani. Pua ilikuwaje? Aliibusu pua hiyo mara ngapi, na sasa hakujua inaishia wapi. Aliweka jicho, akaweka la pili, akaona yako mbali, akajaribu kuyasogeza, yakawa makubwa. Mdomo ulitoka kama wa mtu aliyeuma limau. Alifuta kwa kidole, ikawa mbaya zaidi. Jasho lilimtiririka shingoni.

Beverlyne aliiona hiyo shingo. Alikuwa amekuja kuachana naye. Usiku kucha alikuwa amejifunza maneno ya kuachana. Lakini alikuwa pia mtu wa kutoboa watu vidole kila siku, na alijua mikono inayojifanya kutetemeka na ile inayotetemeka. Alimtazama huyu mwanamume akiharibu sura yake mbele ya watu, bila kugeuka kwa sababu ameambiwa asigeuke, bila kuacha kwa sababu hajaambiwa aache. Akajua kwamba anampenda, na kwamba hakuna mtu atakayeweza kumhakikishia lolote. Hata esigani hawezi.

Ochoki alishusha brashi. "Nimemaliza," alisema, akiuangalia ukuta.

Mama Esnah alikaribia. Alitazama kwa muda mrefu. "Huyu si Beverlyne."

 Mzee Ombati alikohoa na kuangalia kando.

"Ni mimi," Beverlyne alisema.

"Hii pua?"

"Ni yangu."

"Na haya macho? Moja linaangalia Kisumu, lingine linaangalia Narok."

"Yote ni yangu, Mama Esnah."

Mama Esnah aligeuka akamkabili. "Nimekujua tangu ukibebwa mgongoni. Huyu hafanani na wewe hata kidogo."

"Najua." Alipandisha mkoba begani. "Lakini nimesema ni mimi. Mwambie baba hivyo."

Yule mama alimtazama, akaitazama ile sura ya limau, akamtazama tena. "Msichana akikubali kufanana na huyu mbele ya soko zima," alisema, "mimi nitampinga na nini?" Aliinua kapu lake. "Nitamwambia babako mambo matatu. Kijana hana mke. Hana ng'ombe. Na anatetemeka."

"Hilo la mwisho ni baya?" Beverlyne aliuliza kwa woga.

"Babako alimwaga uji wote miguuni mwake. Mimi ndiye nilitumwa kwao kumchunguza, kabla hajamwoa mamako." Alijifunga leso upya. "Twende, nataka kufika mapema."

Lakini Beverlyne hakwenda mara moja. Alipita kando ya madebe, akasimama nyuma ya Ochoki, karibu, hadi akasikia harufu ya rangi na ya jasho lake. Ochoki alikuwa bado ameuangalia ukuta, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ageuke.

"Geuka sasa," alimwambia.